Maji Kabla ya Ufagio

Mimi ni mtu wa moja kwa moja, na nyumbani kwetu hilo linahesabiwa kuwa ugonjwa. Ukiniuliza kama nguo imekupendeza nitakuambia haijakupendeza, kisha nitakaa nishangae kwa nini umenuna. Mama husema nilizaliwa bila breki. Mjomba wangu, mdogo wake mama, ni kinyume changu kabisa: karani wa mahakama mstaafu, mtu wa kuzunguka mbuyu mpaka mbuyu wenyewe upate kizunguzungu. Msiba ukitokea kwenye ukoo, ni yeye anayetumwa kupeleka habari. Ataanza na hali ya hewa, aje kwenye afya, aje kwenye homa ndogo ya fulani, na kufikia jioni mwenye msiba ndiye anayemalizia sentensi mwenyewe. Sikuipenda kazi yake hiyo. Niliuona ni uongo uliovalishwa koti. “Mficha maradhi kifo humuumbua,” nilikuwa nikimwambia, naye akinijibu kwa upole kwamba siku nitakayokuwa na habari mkononi na mtu mbele yangu, ndipo nitajua.

Siku hiyo ilifika, na mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa mama, ambaye moyo wake ulishamwangusha chini mara moja na kumwachia mkono wa kushoto usio na nguvu. Daktari alituita watoto wote watatu akatuambia neno moja: msimshtue. Tukaitikia kama wanafunzi. Sasa mmoja wa hao watatu alikuwa amekufa, na ilibidi mama aambiwe.

Lakini sharti nianzie kazini, kwa sababu kazini ndiko nilikokuwa habari iliponikuta, na bila kazi yangu hutaelewa nilichokifanya baadaye.

Nafanya kazi kwenye maabara ya leza. Ni leza ya gesi, na ukiifungua hukuti mengi: sanduku refu la chuma lenye dirisha la kioo kila ncha, ndani yake vyuma viwili virefu vinavyotazamana, na kati ya vyuma hivyo gesi iliyochanganywa na klorini kidogo. Tunajaza umeme kwenye kapasita, vyombo vya kuuhifadhi, mpaka zishibe, tunauachia upite ghafla kutoka chuma kimoja hadi cha pili, gesi inawaka kufumba na kufumbua, na mwanga usioonekana kwa macho unatoka dirishani. Tunaijenga kwa ajili ya kupimia moshi unaoelea juu ya mji. Hivyo ndivyo tunavyowaeleza wageni. Tusichowaeleza ni kwamba kwa muda mrefu ilikuwa inatutia aibu.

Taabu yake ni kwamba gesi iliyotulia haipitishi umeme. Ukiipiga ghafla kwa volti kubwa, umeme hautawanyiki. Unatafuta mahali pamoja penye udhaifu, na wote unapita hapo. Unasikia mlio kama kofi, unaona uzi mweupe unaoumiza macho, na ukija kufungua sanduku unakuta chuma kimechimbika pale ulipopita. Gesi nyingine yote imebaki baridi, haikuguswa. Mwanga unaotoka ni hafifu na umechanika, na mpigo wa sasa haufanani na uliotangulia. Ukiongeza volti, unaongeza mashimo tu.

Dawa yake inajulikana. Kabla ya pigo kubwa unawasha cheche ndogo kwenye safu za pini zilizopangwa kandokando ya vyuma. Cheche hizo zenyewe hazina nguvu ya maana, ila mwanga wake wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, unapenya kwenye gesi na kung'oa elektroni kila mahali, kidogo kidogo, kwa usawa. Pigo kubwa likija linakuta njia ziko wazi kote na halina haja ya kugombania mlango mmoja. Gesi yote inawaka kwa pamoja, pazia la zambarau kutoka ncha hadi ncha, na mwanga unatoka umekamilika. Pini za upande mmoja zikichakaa, pazia linaegemea upande wa pili, na mwanga unatoka umepinda. Tumewahi kupoteza majuma kwa sababu ya pini chache zilizolika.

Mama aliwahi kuniuliza hasa nafanya nini huko ninakoshinda. Nikamwambia, “Unakumbuka ulivyotufundisha kufagia uani? Kwanza unanyunyiza maji, vumbi litulie, ndipo unapitisha ufagio. Basi na mimi nanyunyiza.” Alicheka mpaka akashika mbavu. “Umesoma miaka yote hiyo, macho yakaomba miwani, ili ukanyunyize?” Tangu hapo jirani akimuuliza binti yake mkubwa anafanya kazi gani, anajibu kwa fahari, “Ananyunyiza.” Mwenzangu wa maabara, ambaye tunamwita Koili kwa sababu anapenda kusokota nyaya kuliko kula, alilipenda neno hilo, na sasa maabara nzima tunalitumia.

Sasa, kunyunyiza kuna wakati wake. Klorini ni mlafi wa elektroni. Ukiwasha cheche mapema mno, pigo kubwa linafika klorini imeshazimeza zote na gesi imerudi ilivyokuwa. Maji ya uani ni hivyo hivyo. Ukinyunyiza ukaenda kupiga soga na jirani, ukirudi jua limeshayanywa, na vumbi linakupanda puani kana kwamba hukufanya kitu. Kibaya zaidi ni kwamba wewe unakumbuka ulinyunyiza, kwa hiyo unafagia kwa nguvu zote.

Asubuhi ile tulikuwa tukipima jambo hilo hilo, muda kati ya cheche ndogo na pigo kubwa. Tulikuwa tukiubadilisha kidogo kidogo, tunaweka karatasi nyeusi mbele ya dirisha, tunapiga, tunaitazama alama iliyoungua. Muda ukiwa sawa, alama ilikuwa mraba safi, pembe zote nne zimetimia. Koili alikuwa akizibusu karatasi hizo. Chumba chetu kimezungushiwa wavu wa shaba kuta zote na dari, ili kelele za umeme zisiwasumbue wenye vipimo vya jirani, na wavu huo hauruhusu simu kuingia wala kutoka. Ukiwa mle ndani, dunia haina namba yako.

Karatasi zilipokaribia kuisha nilitoka kwenda stoo, na njia ya kwenda stoo inapita kwenye ushoroba tunakohifadhi mitungi ya gesi. Nilipofika hapo simu ikaanza kutetemeka mfukoni bila kupumzika. Mjomba alinitafuta, mdogo wangu wa mwisho alinitafuta, mjomba tena, mjomba tena. Kabla sijampigia yeyote, ikaingia namba nisiyoijua.

“Wewe ni dada wa mpima ardhi?” sauti ya mwanamume ikauliza.

“Ndiyo.”

“Mimi niko naye kazini. Gari letu liliacha njia leo alfajiri, mvua ilikuwa kubwa. Mwenzetu amefariki. Pole sana.”

Halafu salio lake likaisha, au ujasiri wake. Simu ikakatika.

Mitungi yetu imefungwa ukutani kwa minyororo ili isianguke, na nilijikuta nimeshika mnyororo mmoja. Mpima ardhi ni mdogo wangu anayenifuata. Nyumbani tulimwita Kobe, kwa sababu alichelewa kutembea mpaka mama akaanza kuulizwa maswali na watu, na mama akawa anawajibu, “Kobe hufika.” Kilinipita kitu mahali pamoja tu, chini ya mbavu za kushoto, na mwili wote uliobaki ukakaa baridi kana kwamba wenyewe haukuambiwa. Sikulia. Nilikwenda stoo, nikachukua karatasi, nikarudi nazo.

Najua mtu atasema nina roho ya chuma. Na aseme. Nilirudi kwa sababu miguu iliijua njia hiyo tu.

“Tumebakiza la mwisho,” Koili akasema bila kugeuka. La mwisho lilikuwa kupiga bila kunyunyiza kabisa, kwa ajili ya kulinganisha. Akazima cheche ndogo, akaanza kujaza kapasita, na zilipokuwa zikijaa akasema kama anavyosema kila mara, “Kimya kingi kina mshindo mkuu.” Mara kofi likalia ndani ya sanduku. Niliitoa karatasi. Hapakuwa na mraba. Palikuwa na tundu moja dogo pembeni, limeungua mpaka upande wa pili, na karatasi yote iliyobaki ilikuwa nyeusi vilevile kama ilivyotoka kwenye boksi.

“Koili,” nikasema, “mdogo wangu amekufa.”

Hata hapo hakusahau kazi yake. Alichukua fimbo ya kutulizia umeme, akagusa kapasita zote moja baada ya nyingine, ndipo akaiweka chini na kunigeukia. Alichukua ufunguo wa gari.

Njiani nikampigia mjomba. Alipokea kabla haijaita.

“Umepata habari,” akasema.

“Nimepata. Mama anajua?”

“Nimempa kidogo.”

“Kidogo ni kiasi gani, mjomba?”

“Nimemwambia kijana amepata ajali, amelazwa. Alishtuka, akakaa, akanywa maji, akatulia. Nilikuwa nakusubiri wewe tuendelee. Mtoto wa kwanza hawezi kukuta msiba umeshatangazwa kwao, akaingia kama mgeni. Nimekupigia mpaka kidole kimeota sugu.”

“Nilikuwa ndani ya wavu. Ulimwambia lini?”

“Mapema. Alipomaliza kufuturu... kufungua kinywa, namaanisha, maneno yananipotea leo.” Akavuta pumzi. “Mapema sana, mwanangu.”

“Na sasa hivi anafanya nini?”

Safari hii mjomba hakuzunguka mbuyu.

“Anapanga mkoba,” akasema. “Anataka kwenda kumuuguza. Amesema basi la mchana analiwahi.”

Nilikata simu nikamweleza Koili. Aliendesha kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Muda umekuwa mrefu mno. Ni kama gesi ile, maana...”

“Mama yangu si gesi,” nikamkatiza. Nilisema kwa ukali kuliko alivyostahili. Sipendi watu wanaoichukua mashine wakaifanya mawaidha. Koili akaomba radhi akatazama barabara, na mimi nikatazama nje, na muda wote huo nikijua kwamba alichosema ni kweli tupu. Mjomba alinyunyiza vizuri, kama anavyojua yeye. Kisha akanisubiri mimi, na jua likayanywa maji.

Langoni tulimkuta mama jirani amesimama amejifunika uso kwa kitenge. Alikuwa ameshapata habari kwa mtu aliyepata kwa mtu. Watu wa kazini kwa Kobe nao walikuwa njiani kuja, akaniambia, na yeyote kati yao angeweza kuingia analia. Hapo nikaona kwamba ile njia ya mjomba ya kwenda mpaka jioni haipo tena. Nikamshika mkono jirani. “Twende ndani ukae na sisi,” nikamwambia. “Ila usilie bado, mama. Nakuomba. Kilio chako nakihitaji baadaye kidogo.” Alifuta macho akanifuata.

Mjomba alinipokea kwenye ushoroba. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye jina lake la nyumbani ni Mwisho tu, alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake. Yeye ni mshonaji na sebule ndiyo ofisi yake. Alikuwa akikanyaga cherehani bila kitambaa, sindano inapanda na kushuka mahali patupu, ili mama asikie kwamba kazi inaendelea. Simu ya mama alikuwa ameizima na kuificha chini ya mabaki ya vitambaa.

“Sasa umefika,” mjomba akaninong'oneza. “Tuingie tumwambie. Ameshaandaliwa.”

“Aliandaliwa asubuhi, mjomba. Mwangalie sasa.”

Tukachungulia chumba cha ndani. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mikono, mkoba wazi miguuni. Alikuwa amevaa nguo ya safari, amefunga kilemba kipya, na amevaa hereni. Sijui mkono mmoja uliwezaje kuzivaa. Alikuwa akikunja taulo kwenye goti na kuimba kwa midomo iliyofungwa. Ule mshtuko wa asubuhi alikuwa ameshaumeza na kuugeuza kazi: mtoto anaumwa, mama anakwenda. Alikuwa na tumaini kuliko alivyoamka nalo.

Mjomba aliona. Uso wake ulizeeka pale pale nikiutazama. “Nimekosea,” akasema. “Nimempa muda wa kupona.”

“Hujakosea mjomba, umechelewa, na aliyekuchelewesha ni mimi. Ingia ukae karibu naye. Nyote mkae karibu naye.”

“Wewe utasema nini?”

“Sijui,” nikamwambia, na ilikuwa kweli. Mimi, mtu wa moja kwa moja, nilikuwa na sentensi ya maneno mawili kinywani na niliiogopa kama mtu anavyoogopa waya uliokatika.

Nilianza na viti. Nilimtoa Mwisho kwenye cherehani nikamweka kushoto kwa mama, upande wa ule mkono dhaifu. Jirani nikamweka kulia. Mjomba akavuta kigoda mpaka magoti yake yakakaribia kugusana na ya dada yake. Koili, ambaye hakujua ajiweke wapi, nikamwonyesha mahali karibu na mlango, penye mtungi wa maji. Sikutaka mama awe peke yake katikati ya chumba habari ikifika, wala sikutaka tumlemee upande mmoja.

“Umekuja!” mama akasema aliponiona. “Afadhali. Hawa wenzako wamekaa kama wamemwagiwa maji ya baridi. Wewe una akili ya kupanga vitu. Angalia kama nimesahau kitu.”

Nikakaa sakafuni, mkoba kati yetu. Juu kabisa palikuwa na chupa ya chai. Niliitoa nikaiweka pembeni.

“Hiyo ni yake,” mama akasema.

“Iache, mama.”

“Hospitali wana chai?”

“Chai hataweza.”

Mkono wake ukasimama juu ya taulo. “Ameumia mdomo?”

“Ameumia sana, mama. Zaidi ya alivyokuambia mjomba.”

Akamtazama mjomba. Mjomba akakubali kwa kichwa. Pumzi ya mama ilipanda, nikaisikiliza, ikakaa juu kidogo, kisha ikashuka. Nilitamani kuendelea kabla haijashuka na nilitamani kuacha kabisa, na vyote viwili vilikuwa makosa. Nikatia mkono mkobani nikatoa mswaki. Ulikuwa mpya, bado uko kwenye karatasi yake.

“Na huo pia?” akauliza.

“Na huu pia.”

Mwisho alifumba macho kwa nguvu. Mama, bila kumtazama, aliuchukua mkono wake akauweka kwenye paja lake, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo na radi zinapiga. Nikatoa sabuni. Nikatoa taulo la pili. Chini yake palikuwa na sweta la kahawia la Kobe, lile alilolivaa tangu shuleni, kiwiko kimeshonwa na Mwisho kwa uzi wa rangi nyingine.

“Kule kuna baridi,” mama akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Akipigwa na baridi anaumwa kifua, unamjua.”

“Hasikii baridi, mama.”

Nikaliweka sweta juu ya magoti yake. Hakulishika kwanza. Jirani alisogea mpaka bega lake likagusa bega la mama. Hakuna aliyelia, lakini kila mmoja alikuwa ameshaanza ndani kwa ndani, na mama alizungusha macho akatutazama mmoja mmoja, mjomba, Mwisho, jirani, hata Koili asiyemjua vizuri, na kwa kila uso alichukua kidogo. Kisha akatazama mkobani. Kilichobaki kilikuwa shuka jeupe.

“Shuka hujalitoa,” akasema.

“Shuka tutaliacha.”

Alikaa akilitazama. Nje gari lilipita, likaenda zake.

“Kobe wangu,” mama akasema. Hakuwa anauliza.

“Ndiyo, mama.”

“Kobe wangu ametutoka.”

“Ametutoka, mama. Leo alfajiri, njiani. Hakufika hospitali.”

Nilikuwa nimeshika kifundo cha mkono wake, na wakati nasema maneno hayo nilihisi mapigo yakirukaruka chini ya kidole changu, nikafikiri, ndiyo basi, nimemuua. Lakini sauti ilipotoka haikutoka kwake peke yake. Ilitoka kwa Mwisho, na kwa jirani niliyemnyima ruhusa langoni, na kwa mjomba, ambaye amepeleka misiba ya ukoo mzima na sijawahi kuona jicho lake likilowa. Walilia wote kwa mara moja, na kilio cha mama kilikuwa ndani ya kilio hicho, kimeshikwa pande zote. Mapigo yalirukaruka, yakayumba, yakajipanga. Koili alileta maji. Mwisho, huku analia, alimpa dawa yake ya chini ya ulimi. Mama alilia akiwa amelikumbatia sweta, akamtaja mwanawe kwa majina yote aliyompa tangu tumboni, na alikuwa hai.

Watu wa kazini kwa Kobe walifika baadaye, wakalia, wakapewa viti. Watu wengine wakaja. Mimi nilikuwa na kazi: viti, maji, simu, nani aambiwe, nani aende kuupokea mwili. Ninapenda kazi. Mtu aliyenipa pole nilimjibu asante na kumwonyesha pa kukaa.

Jua lilipoanza kuingia kwa dirisha la upande wa pili, mama aliniita. Hereni alikuwa amezivua. Macho yalikuwa yamevimba, lakini yalikuwa yananitazama mimi.

“Na wewe?” akasema.

“Mimi nini, mama?”

“Wewe nani alikuambia?”

“Simu.”

“Simu ya nani?”

“Mtu wa kazini kwake. Simfahamu.”

“Alikuambiaje?”

“Alisema amefariki.”

“Hivyo tu?”

“Hivyo tu.”

“Ulikuwa na nani?”

Nilifikiri. “Na mitungi,” nikasema.

Mfukoni mwangu ilikuwemo ile karatasi yenye tundu. Sikumbuki niliiweka saa ngapi. Sikuitoa, wala sikumweleza mama, lakini nadhani aliiona kwa njia yake.

“Mnyunyizaji wangu,” akasema. “Hakuna aliyekunyunyizia.”

“Mimi sina neno, mama. Pumzika.”

“Njoo ukae hapa.”

Mwisho akanipisha. Nilikaa kushoto kwake, na mama akaunyanyua mkono wake dhaifu kwa ule mzima, akauweka juu ya goti langu. Kisha akaanza kusema, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia tukiwa na homa.

“Mwanangu. Kule kwa mdogo wako kulinyesha mvua kubwa usiku.”

“Mama, ninajua.”

“Nyamaza. Hujui.” Akasubiri mpaka nilipotulia. “Mvua kubwa, na barabara ilikuwa inateleza. Na mdogo wako ilibidi awahi kazini, unamjua anavyoipenda kazi yake. Walikuwa kwenye gari.”

Mjomba alikuwa ameinua kichwa, anamsikiliza dada yake kama mtu anayesikiliza kazi yake ikifanywa na anayeijua kuliko yeye.

“Gari liliacha njia,” mama akasema. “Nimepata habari kwamba ameumia.” Akanipapasa goti. “Ameumia sana, mwanangu. Chai hataweza kunywa. Nilikuwa nimempangia sweta lake, lile la kahawia, nikaona nilitoe.”

Ile habari niliijua yote. Niliipata kabla yake, niliibeba mpaka nyumbani, mimi ndiye niliyeileta kwenye chumba kile. Lakini nilipomsikia anaukaribia mwisho wake, miguu ilianza kutetemeka, kisha mikono, kisha meno, mwili wote ule ambao tangu asubuhi ulikuwa haujaambiwa. Mama aliendelea kunitazama, na nilipomwona anafungua mdomo kusema lililobaki, nikamwomba asubiri kidogo.

Akasubiri. Kisha akaniambia.